Nilivyoomba Ruhusa ya Kupiga Ndege

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kamera, nilipewa ufagio. Studio ilikuwa Makadara, chumba cha mbele cha wateja na nyuma yake chumba cha giza, yaani kile chumba kisicho na dirisha tulimosafishia picha kwa dawa na taa nyekundu. Tajiri wangu alikuwa Mhindi mzaliwa wa hapa hapa Mombasa, mtu mfupi, mwenye maneno machache na macho ya kuona kila kitu. Alinitazama nikifagia, akanionyesha pembe niliyoiruka, kisha akasema, "Chembe moja ya vumbi ikikaa kwenye filamu, bibi harusi atatoka na ndui. Utamweleza nini mamake?" Nilifagia chumba kile miezi mitatu kabla ya kuruhusiwa kugusa hata trei ya dawa. Nilikuwa nikilia nyumbani, sifichi, maana nilikwisha kuwatangazia jamaa wote wa Mji wa Kale kwamba nimekuwa mpiga picha.

Kuajiriwa msichana katika studio hakukuwa hisani. Siku ya kupamba, bibi harusi anapokaa mbele ya wanawake wenzake na mapambo yake yote, mwanamume haingii. Tajiri alikuwa akizikosa kazi hizo mwaka baada ya mwaka, ndipo akanitafuta mimi, Salma, binti wa fundi seremala wa mtaa wa pili. Akanifundisha jambo ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha ufundi wetu. Ukiingia nyumba ya watu, alisema, kaa chini na uiweke kamera mapajani. Kula kaimati zao, itikia salamu, sifia mtoto. Watu wakishasahau kwamba umekuja na kitu, ndipo uiinue taratibu. Picha nilizowahi kupiga katika dakika za mwanzo zote zilikuwa za watu waliokaza shingo, na zile za nusu saa baadaye zilikuwa za watu wenyewe.

Kila kazi ina lugha yake, na yetu ilikuwa na ila moja: tulilimeza neno "picha". Tulisema leo nimepiga maharusi wawili, kesho nampiga kadhi na wanawe, yule mzee alitaka nimpige akiwa amekaa. Mgeni mmoja wa mamangu kutoka Lamu alinisikia nikisimulia hivyo wakati wa chakula, akamnong'oneza mamangu amtafutie mtoto wake mtu wa kumsomea. Tulicheka wiki nzima. Sikujua kwamba ulimi ule ungekuja kunitia matatani nikiwa mtu mzima mwenye miwani na heshima zake.

Tajiri alipozeeka studio ikafungwa, nami nikahamia Kilindini, katika ofisi ya wakaguzi waliokodiwa kutazama mizigo iliyoharibika. Pale nilipiga magunia ya mchele yaliyoloa, mashine zilizopinda na makontena yaliyobonyea. Mkuu wangu, Mkaguzi Mkuu, alikuwa mtu wa bara, mlokole, aliyepanda ngazi akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti nzito. Alinifundisha kuweka rula kando ya kila tundu ili ukubwa wake ujulikane, na kulibana tundu la lenzi, lile linaloingiza mwanga, ili vitu vya mbele na vya nyuma vyote vionekane wazi. "Picha yako itasomwa na mtu ambaye hatafika hapa," alikuwa akiniambia. "Usimdanganye, na usimfiche kitu." Miaka yangu ya bandarini ilinitoa mapambo mengi kichwani.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa chuo kidogo cha ufundi kisiwani, nilikofundisha somo la picha. Niliingia darasa likiwa limejaa hadi mlangoni, na kufikia mwaka wangu wa mwisho nilikuwa na wanafunzi kumi, wengi wao watu wazima wenye kazi zao. Mkuu wa Chuo hakuwa mtu mbaya. Aliniita, akanikaribisha chai, akatoa simu yake mfukoni na kuiweka mezani baina yetu. "Mwalimu, kila mtu anayo hii," akasema. "Ukistaafu wewe, naona na somo listaafu. Labda unionyeshe kitu ambacho hii haiwezi."

Nilikuwa nimelitumikia somo lile kwa miaka mingi, na sikuwa tayari kulizika kwa mikono yangu. Nikamjibu kwamba nitafanya warsha ya picha za viumbe, nje, katika hifadhi ya mikoko iliyoko kwenye hori, ule mkono wa bahari ulio nyuma ya kisiwa. Huko yangeyange, wale ndege weupe wa miguu mirefu, huzaa kwa mamia juu ya mikoko. Tutavileta viota na makinda ukutani, nikamwahidi, na tutafanya maonyesho katika ukumbi mmoja karibu na Ngome ya Yesu. Akakubali. Maonyesho yakimridhisha, somo litabaki, na yasipomridhisha, basi.

Usiku huo huo, kwa furaha na kiherehere, nikaandika barua kwa Mhifadhi, mkuu wa hifadhi ile. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba naomba ruhusa ya kuja na wanafunzi kumi, kwa asubuhi tatu, kupiga ndege walioko kwenye viota. Niliisoma mara mbili na sikuona kasoro.

Jibu lilikuja upesi kuliko nilivyotarajia. Ombi langu la kuua ndege ndani ya hifadhi lilikuwa limekataliwa, na nilitakiwa kufika ofisini mwake nikiwa na kitambulisho.

Nilikwenda nimevaa buibui langu la kutokea, na mkoba wa kamera begani uwe shahidi. Mhifadhi alikuwa kijana kiasi, mtu wa bara, mrefu, na alisimama nilipoingia. Alipouona uso wangu akanivutia kiti. "Shikamoo mama," akasema. "Nilijiandaa kumuona jangili." Nikamweleza habari ya neno lililomezwa, nikacheka mwenyewe hadi machozi. Yeye alitabasamu kidogo tu, na tabasamu lile likaisha.

Akanisimulia kwamba kabla yangu lilikuja kundi la wapiga picha, watu wenye vifaa vizuri na barua isiyo na kosa. Walitaka ndege wakiwa wameruka, mabawa wazi. Basi walipofika kwenye viota wakapiga makofi. Yangeyange wote wakainuka, picha zikapatikana, na watu wakaondoka wamefurahi. Nyuma yao wakashuka kunguru. Mwenyeji yeyote wa Mombasa anajua kunguru wetu, hawangoji kualikwa. Ndege waliporudi hawakukuta yai wala kinda katika upande mzima wa mikoko.

"Wewe mama umesahau neno moja," Mhifadhi akasema. "Wale hawakusahau neno lolote, na bado waliwapiga."

Niliona haya kwa niaba ya kamera yangu, na nilifikiria maharusi wote ambao wapiga picha wengine waliwafokea wainue kidevu. Kisha nikamwambia jinsi sisi tunavyoingia majumbani. Kwetu mtu hufika mlangoni akapiga hodi. Asipoitikiwa hungoja, akapiga ya pili, kisha ya tatu. Ya tatu isipoitikiwa hurudi zake, bila kinyongo, hata kama amesikia sauti za watu ndani. Nikamwomba aniache niwafundishe wanafunzi wangu kupiga hodi kwa ndege.

Alinitazama, nadhani akipima kama nina akili timamu. Hatimaye akakubali kwa sharti moja. Yeye mwenyewe angesimama kwenye kibanda cha lango na darubini. Ndege mmoja akiruka kiotani kwa ajili yetu, warsha ingekwisha saa hiyo hiyo, na lango lile lisingeona kamera tena maadamu yeye yupo. Hivyo nikatoka pale nikiwa na ahadi mbili shingoni: Mkuu wa Chuo alitaka picha za viota, na Mhifadhi alitaka ndege wasijue kama tulifika.

Hifadhini kuna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya tope, inayoingia katikati ya mikoko hadi karibu na viota. Niliweka alama tatu za chaki juu ya mbao zile, alama tatu za hodi. Kanuni ilikuwa nyepesi kuisema. Tukifika alama ya kwanza tunakaa chini, kamera mapajani, na kutazama shingo. Yangeyange akiwa na amani huizamisha shingo mabegani, na akiwa na shaka huinyoosha. Shingo zikizama, tumeitikiwa, tunasogea. Zikisimama tunangoja, na zisiposhuka tunarudi.

Asubuhi ya kwanza hatukuvuka alama ya kwanza. Bwana Wekesa, karani wa forodha wa Kilindini, alikuja na lenzi ndefu kama mchi na hamu ndefu kuliko lenzi. Kila dakika tano aliniuliza kama bado. Aliyetulia kuliko wote alikuwa Rukia, mwanamke wa Mji wa Kale anayewatia hina maharusi. Mtu aliyezoea kuchora mkono mmoja kwa saa mbili haoni tabu kukaa juu ya ubao. Jua lilipopanda nikawaruhusu wapige kutoka pale pale, na picha zote zikatoka mbovu, ndege wakawa madoa ya chokaa yasiyo na unyoya hata mmoja. Nikawaeleza kwamba kamera huona giza kubwa la majani, ikadhani ni jioni, ikaingiza mwanga mwingi, na cheupe kikaungua. Dawa yake ni ile niliyoijua kwa mashela ya maharusi: upunguze mwanga kuliko kamera inavyotaka, uiache mikoko iwe nyeusi. Rukia akalielewa mara moja, akawa anawaelekeza wenzake.

Asubuhi ya pili tulifika alama ya pili, maji yakajaa, manyunyu yakaanguka, na tukarudi na picha za kaa na mizizi. Zilikuwa nzuri, lakini nilijua Mkuu wa Chuo hakuahidiwa kaa. Usingizi ulinipaa. Nilikuwa na asubuhi moja tu iliyobaki, na nyuma yake kustaafu.

Asubuhi ya tatu hodi ya kwanza iliitikiwa, na ya pili pia. Tulisogea tumeinama, mmoja nyuma ya mwingine, tukakaa kwenye alama ya tatu. Viota vilikuwa mbele yetu kabisa. Kile cha karibu kilikuwa na makinda mawili yenye manyoya ya kusimama ovyo, na juu yao mzazi mmoja. Sijawahi kuona mahali pazuri zaidi pa kupiga picha katika umri wangu wote.

Kisha shingo ya yule mzazi ikasimama, na baada yake ya jirani, na ya jirani yake. Tulikaa tukangoja. Nilihesabu pumzi zangu. Shingo hazikushuka, na yule wa karibu akaanza kuhamisha miguu, kama afanyavyo ndege kabla ya kuruka.

"Bi Salma," Wekesa akanong'ona, jicho limeganda kwenye kamera. "Ninao. Makinda na mama yao, wote ninao. Nibonyeze mara moja tu."

Aliuliza vizuri, na alikuwa sahihi. Bonyezo moja lingetosha. Ndani yangu kulikuwa na mtu aliyekuwa akipiga kelele abonyeze, na mtu huyo alikuwa mimi. Lakini shata, kile kilango cha ndani ya kamera yake, ilikuwa na mlio, na miguu ya yule ndege ilikuwa imekwisha kukunjika. Nikaufunika mkono wake kwa mkono wangu.

"Hatukuitikiwa," nikamwambia. "Twarudi."

"Twarudi vivi hivi, Bi Salma?" Rukia akauliza, naye alikuwa karibu kulia. "Na somo je?"

Nikawaambia somo ndilo hilo. Wakainuka mmoja mmoja, wakarudi kinyumenyume, nami nyuma yao nikimtazama yule ndege. Hakuruka. Tulipoipita alama ya pili aliishusha shingo, na tulipofika ya kwanza tukakaa chini kwa uchovu tu, hakuna aliyekuwa na mpango wowote. Nilikuwa nikitunga kichwani maneno ya kumwambia Mkuu wa Chuo, na kila neno lilikuwa chungu.

Hapo ndipo yangeyange wa pili alipokuja kutoka upande wa maji, kijiti mdomoni. Hakutua kiotani. Alitua tawi la kando, akasimama, akatoa sauti nzito ya kooni. Aliyekuwa kiotani akainua manyoya ya mgongo na kumjibu. Mgeni akasogea tawi moja, akasimama tena, akajibiwa tena. Kisha akanyoosha shingo akampa mwenzake kijiti, nyumbani kwake mwenyewe, baada ya kuomba ruhusa. Nilisikia kamera ya Rukia kando yangu, mlio mmoja tu, na kwa umbali ule hakuna ndege aliyegeuka.

Sote tuliisongea kamera yake kuitazama ile picha. Kwa kuwa tulikuwa mbali, haikuwa ya kiota kimoja. Ilikuwa na mtaa mzima wa viota, mikoko imekuwa nyeusi kama nilivyowafundisha, kila ndege na unyoya wake, na katikati wale wawili wakikabidhiana kijiti. Pale karibu tulipotaka kukaa tungepata uso wa ndege mwenye hofu. Nilimkumbatia Rukia hadi miwani yangu ikaanguka kwenye tope, na Wekesa, Mungu ambariki, ndiye aliyeshuka kuitafuta na suruali yake ya ofisini.

Mhifadhi alitungoja langoni, darubini kifuani. Hakuuliza kuhusu picha. "Wale wa kwanza nao walioneshwa shingo," akasema. "Nyinyi ndio wa kwanza kurudi." Wiki iliyofuata nikapokea barua yake yenye muhuri. Darasa langu linaruhusiwa kila msimu wa kuzaa, iliandikwa, kuja kupiga ndege. Neno picha hakuliweka, na mimi najua hakulisahau.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Walikuja makarani wa Kilindini na wake zao, walimu wa madrasa, maharusi wa zamani niliowapiga wakiwa wasichana, hata wauza vinyago wa pale ngomeni walifunga meza zao wakaingia. Mkuu wa Chuo alisimama mbele ya picha ya Rukia muda mrefu. Nikamwona akiitoa simu yake, nikadhani ataipiga picha, akairudisha mfukoni bila kuifungua. Akaniuliza tulikaribia viota kwa hatua ngapi. Nikamwambia tulikaribia sana, kisha tukarudi, na hiyo ndiyo picha ya kurudi. Kabla ya watu kutawanyika akatangaza kwamba somo litaendelea, na akaniomba nimtaje wa kulishika. Nilimtaja Rukia mtia hina, nikasikia vigelegele vya wanawake wa Mji wa Kale mpaka masikio yakaziba. Nilistaafu mwezi uliofuata, kifua mbele.

Vijana huniuliza kama nasikitika kwamba filamu imekwisha na vyumba vya giza vimegeuzwa maduka ya simu. Nasikitikia harufu ya dawa, basi. Vifaa nilivibadilisha mara nyingi kuliko viatu. Kazi yenyewe, ile ya kujua kama mtu au mnyama amekukubali mbele yake, haikubadilika siku hata moja tangu Makadara.

Msimu huu Rukia alipeleka darasa lake hifadhini, nikamwomba nami niende, mwanafunzi kama wengine. Tulipokaa kwenye alama ya pili shingo zikasimama. Mimi nikajiambia nawajua ndege hawa, hizi zitashuka sasa hivi, na mikono yangu ya uzee ikaanza kuiinua kamera. Rukia hakugeuka hata kunitazama. "Bi Salma," akasema kwa upole, "hatukuitikiwa." Damu ilinipanda. Nilitaka kumuuliza ni nani aliyemfundisha hata hilo neno. Wanafunzi wake wote walikuwa wakinitazama, wanangoja kuona mzee atafanya nini. Nikaishusha kamera, nikainuka kwa taabu ya magoti, nikawa wa kwanza kurudi. Sikupata picha hata moja, na nilipofika Mji wa Kale nilimsimamisha kila niliyemfahamu njiani nikamweleza, nikijisifu, kwamba leo mwanafunzi wangu amenirudisha.